Alama 59 na alama 61

Kazi yangu ni kutunga na kuchambua maswali ya mitihani, kwaiyo nikikaa na watu lazima mmoja aniulize, hivi huu mtihani mmoja wanaofanya wote unapima kweli uwezo wa mtoto? Mi huwa najibu unapima alichofanya siku ile kwa maswali yale, basi, hayo ya akili tunaongezea wenyewe.

Kuna swali la hesabu liliwahi kupita mezani kwangu: "Lifti ipo ghorofa ya 3, ikashuka ghorofa 5, sasa ipo wapi?" Jibu hasi 2. Mtungaji alitaka kupima namba hasi na hesabu yake haina shida, ila mtoto ambaye hajawahi kuona jengo lenye ghorofa za chini ya ardhi anakwama hapo, lifti inaingiaje ardhini, anaandika 0, anafuta, anaandika tena, dakika zinakwenda. Mtoto huyohuyo muulize 3 toa 5 anakujibu hata hujamaliza kuuliza!

Maswali ya hivi tunayanasa kwa data. Unachukua makundi mawili ya watoto wenye jumla ya alama zinazolingana alafu unapitia swali mojamoja, kama kwingine kote wako sawa ila kwenye lifti kundi moja linaporomoka basi mwenye tatizo ni lifti. Hata SAT, mtihani wa kuombea chuo kikuu Marekani, iliwahi kuwa na swali lililotaka mtoto ajue regata, yani mashindano ya mashua, na likasemwa sana. Ila njia hii ina upofu wake, na sisi wenyewe huwa hatupendi kuusema: kama mtihani mzima umeegemea upande mmoja, ile jumla tunayolinganishia nayo imeegemea hukohuko, hatuoni kitu.

Wanaosema tufute mitihani tubaki na alama za mwalimu siwaungi mkono, mwalimu naye ana wapenzi wake, na mwandiko mzuri unamlainisha. Karatasi yenye namba badala ya jina imewaokoa wengi.

Kinachoniudhi zaidi ni mstari wa kufaulu. Chukua mtihani mzuri tu, uthabiti wake 0.90 (yani ukirudiwa matokeo yanafanana sana, 1 ndo ukamilifu) na mkengeuko sanifu, yani mtawanyiko wa alama kutoka kwenye wastani, alama 15, ukipiga hesabu kosa la upimaji, yani alama ya mtoto inavyoweza kuyumba kwa bahati tu, linakuja karibu alama 5, juu au chini. Maana yake mwenye 59 na mwenye 61 hatuna ushahidi wowote kwamba wanapishana, wangerudia wiki ijayo wangeweza kubadilishana nafasi, lakini mstari ukikaa 60 mmoja anaendelea na masomo na mwenzake anarudi nyumbani. Mwanasaikolojia Alfred Binet alipotoa kipimo chake cha akili Ufaransa mwaka 1905 alikuwa anatafuta watoto wanaohitaji msaada zaidi darasani. Siku hizi mtoto wa hivyo akipatikana ndo wa kwanza kuachwa, sijui tuligeuza saa ngapi.

Niliwahi kupendekeza kwenye kikao matokeo yaandikwe kwa masafa, mfano "kati ya 54 na 64", na walioko karibu na mstari wapewe karatasi ya pili kabla ya kuamuliwa. Karatasi ya pili wakasema gharama. Masafa wakasema wazazi watachanganyikiwa. Cheti kikatoka na 59, desimali mbili mbele yake: 59.00.