Garimoshi linalopita ndani ya seva

Wiki iliyopita kijana wa mafunzo kwa vitendo, tukiwa naye hapa ofisini Dodoma, alitaka kuona mafaili yaliyomo kwenye seva, kompyuta inayohudumia kompyuta nyingine. Amri yake ni ls. Vidole vikatanguliana, akachapa sl. Garimoshi likachomoza upande wa kulia wa skrini, likakatiza kwenda kushoto huku likifuka moshi. "Kaka, nimeharibu nini?" Akabonyeza Ctrl na C, vitufe vya kusimamisha programu. Halikusimama.

Hakuharibu kitu. Programu hiyo ya sl niliiweka mimi. Aliyeiandika ni Mjapani, Toyoda Masashi, mwaka 1993, kama dawa ya kukosea ls. Ukikosea, subiri treni ipite, kama unavyosubiri pale barabara inapokatiza reli.

Nikamfungulia msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, maana uzuri uko humo. Garimoshi ni D51, injini ya Japani iliyotengenezwa tangu 1936 hadi 1945, zaidi ya 1,100. Limechorwa kwa herufi na alama za kibodi tu. Magurudumu yana picha sita, na katika kila picha vyuma vinavyoyaunganisha vimehama kidogo. Picha hubadilika kila milisekunde 40, nawe unaona gurudumu linazunguka. Mtu huyu aliitazama injini ya kweli kwa upendo.

Katika injini ya kweli, moto huchemsha maji kwenye boila, tangi lake la maji, mvuke husukuma pistoni, na pistoni husukuma chuma kinachozungusha gurudumu. Mvuke uliokwisha kazi hutokea kwenye bomba la moshi, na ukitoka huvuta hewa ipite motoni. Kwa hiyo injini ikikazana mlimani, moto nao unakolea. Injini ya silinda mbili hupumua mara nne kwa kila mzunguko wa gurudumu. Ndiyo ile sauti yake. Ya Toyoda hutoa moshi kila baada ya hatua nne, kila picha ikiwa hatua moja na mzunguko ukiwa na sita, chini ya mara mbili kwa mzunguko. Mimi ningeuongeza.

Injini za mvuke zilifika Dodoma na Reli ya Kati mwaka 1910. Tangu 2024 tuna treni ya umeme kutoka Dar es Salaam, haina moshi hata chembe, na bado wengi tunaiita garimoshi.

Kijana akajaribu sl -F. Garimoshi likapaa kuelekea juu ya skrini. Akaliangalia mpaka likapotea, kisha akachapa ls, taratibu, herufi moja moja.