Kabla ya GB, tazama volti

Mteja akifika mezani kwangu Kariakoo, mara nyingi swali lake la kwanza ni hili: "Fundi, una ramu ya GB 8?" Nami namuuliza: ya mashine gani? Wapo wanaodhani nazungusha maneno ili nipandishe bei. Sivyo. Ukubwa wa ramu ndilo jambo jepesi kuliko yote. Ninachotaka kujua kwanza ni mazabodi yake, yaani bodi kuu ya mashine, inatoa volti ngapi kwenye sloti ya ramu, maana hapo ndipo watu wengi wa mji huu wanapopoteza hela.

Wiki iliyopita alikuja dada mmoja, mhasibu, na HP EliteBook 840 G1 aliyoinunua ya mtumba. "Kaka, juzi nimeongezewa ramu, tangu siku hiyo haiwaki." Nikaichomeka. Feni inazunguka, kioo cheusi, taa ya Caps Lock inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Alikwishapita kwa fundi mwingine, akaambiwa mazabodi imekufa, aandae laki na nusu. Dada wa watu alikuwa na hesabu za mwisho wa mwezi ndani ya mashine ile, na usoni alionekana hajalala.

Nikaondoa mfuniko wa chini. Ramu mbili, zote GB 4, zimekaa vizuri kabisa. Moja stika yake inasema PC3L-12800S. Nyingine inasema PC3-12800S. Nikaichomoa hiyo ya pili, nikabonyeza kitufe, mashine ikawaka. Mazabodi ilikuwa nzima. Kilichokosekana ni herufi moja tu, L.

Nieleze ilivyo. Ramu hufanya kazi kwa volti iliyopangwa, na kila kizazi, ambacho unakijua kwa namba inayofuata jina DDR, kimekuwa kikishuka. DDR ya kwanza ilitumia volti 2.5, DDR2 ikashuka hadi 1.8, DDR3 hadi 1.5. DDR4, ambayo viwango vyake vilitolewa na JEDEC mwaka 2012, inatumia 1.2, na DDR5 ya mwaka 2020 inatumia 1.1. JEDEC ndicho chombo ambacho watengenezaji wa ramu hukaa pamoja kukubaliana vipimo, ndiyo maana ramu ya kampuni moja inaingia kwenye mashine ya kampuni nyingine bila ugomvi.

Kati ya kizazi na kizazi kuna ulinzi. Ukiitazama ramu upande wa meno yake utaona mkato mdogo, na kila kizazi mkato wake uko mahali pake. Ramu ya laptopu ya DDR3 ina pini 204, ya DDR4 ina 260, ya DDR5 ina 262. Huwezi kuingiza moja kwenye sloti ya nyingine, labda utumie nguvu. Tafadhali usitumie nguvu. Nimeshapokea mashine zilizovunjwa sloti namna hiyo, na kubadilisha sloti iliyochomelewa kwenye mazabodi ni kazi ya siku nzima ambayo gharama yake inapita ya ramu yenyewe.

Tatizo la dada yule ni kwamba mkato haukumlinda. DDR3 (PC3 kwenye stika) na DDR3L (PC3L kwenye stika) zina pini 204 zote mbili, mkato wake uko sehemu ileile, unene mmoja, rangi moja. Zinaingia kote kote. Tofauti iko kwenye volti peke yake: DDR3 ya kawaida inataka 1.5, na DDR3L inaweza kufanya kazi kwa 1.35.

Utasema tofauti ya 0.15 ni kidogo mno. Kwa balbu ya nyumbani, ndiyo, hutaiona. Kwa chipu ya ramu ni habari nyingine. DDR3 ya kawaida imehakikishwa kufanya kazi kati ya volti 1.425 na 1.575, basi. Ukiipa 1.35 umeiweka chini ya sakafu yake. Ndani ya ramu, sifuri na moja ni chaji ndogo sana zilizohifadhiwa kwenye vikapasita, na kisomaji kinatakiwa kutofautisha iliyojaa na iliyo tupu ndani ya muda mfupi mno. Volti ikipungua, tofauti ile inafifia na chipu inachelewa. Kuna siku mashine itagoma kuwaka kabisa, kama ya dada huyu. Kuna nyingine itawaka, ifanye kazi asubuhi, mchana joto likipanda igande katikati ya kazi, au ilete kile kioo cha bluu. Hii ya pili naiogopa zaidi, kwa sababu mtu atabadilisha Windows mara tatu, atanunua diski mpya, na faili zake zinaharibika polepole bila yeye kujua.

Upande wa pili hauna tabu. DDR3L imetengenezwa kuvumilia volti zote mbili, 1.35 na 1.5. Ukiiweka kwenye mashine ya zamani inayotoa 1.5, itafanya kazi bila manung'uniko. Kwa hiyo kama mashine yako ni ya DDR3 na huna uhakika ni aina gani, nunua yenye L. Huu ndio ushauri ninaourudia kila siku, na sijawahi kuujutia.

Mazabodi inajuaje volti ya ramu? Kila kipande cha ramu kina chipu ndogo ya pembeni iitwayo SPD, yenye taarifa zake: ukubwa, kasi, na volti inazozikubali. Kwenye DDR3 taarifa ya volti imekaa baiti ya 6. Mashine inapowashwa, BIOS, yaani programu ya mazabodi inayoiamsha mashine, huisoma kabla ya jambo jingine. Mazabodi zenye uwezo wa volti zote mbili zitachagua inayofaa, na ukichanganya DDR3 na DDR3L humo, zote zitapewa 1.5. Laptopu nyingi zilizokuja na prosesa za Intel za kizazi cha 4 hazina uchaguzi huo. Zinatoa 1.35 tu. Zikikuta ramu isiyoikubali, zinalalamika kwa mlio au kwa taa, zinasimama.

Na laptopu hizo ndizo zilizojaa Dar es Salaam. Tembea Msimbazi au Aggrey uangalie kabati za kompyuta za mtumba: EliteBook 840 G1, ThinkPad T440, Latitude E7440, zote za kizazi cha 4, zote DDR3L. Pembeni yake, kabati hilohilo, kuna EliteBook 8470p na ThinkPad T430 za kizazi cha 3, ambazo kwa kawaida zilitoka na DDR3 ya 1.5. Ramu zinazochomolewa humo zinatupwa kwenye boksi moja. Muuzaji akiulizwa anasema "DDR3 hiyo, inaingia." Kweli inaingia, ila kuwaka ni suala jingine.

Kizazi cha 6 kimeleta mtego wake. Watu wamezoea kusema kuanzia kizazi cha 6 ramu ni DDR4. Si mara zote. Prosesa hizo za Skylake, zilizotoka 2015, zinakubali DDR4 na pia DDR3L, na mtengenezaji wa mashine ndiye aliyeamua aweke sloti gani. ThinkPad T460 inatumia DDR3L. T460s, jina karibu lilelile, inatumia DDR4. Kompyuta za mezani za Dell ndiyo hivyohivyo: OptiPlex 3040 na 5040 ni DDR3L, 7040 ni DDR4. Ukiagiza ramu kumi za ofisi nzima kwa kuangalia kizazi cha prosesa peke yake, unaweza kurudi dukani na boksi zima.

Hapa niongeze jambo ambalo mafundi wenzangu wengine wanalipita haraka. Zamani kidhibiti cha ramu, kinachosimamia kusoma na kuandika humo, kilikuwa chipu ya peke yake kwenye mazabodi. AMD walikihamishia ndani ya prosesa mwaka 2003, Intel wakafuata 2008. Maana yake leo waya za ramu zinaingia moja kwa moja kwenye prosesa, na volti ya ramu inagusa prosesa. Kwa Skylake, Intel waliorodhesha DDR3L ya 1.35 tu. Ipo mazabodi ya mezani itakayokuruhusu kuweka DDR3 ya 1.5 au hata ya 1.65 juu ya prosesa hiyo, na ikawaka. Mimi siwezi kukufanyia. Kuwaka leo hakunihakikishii kwamba prosesa haichakai, na prosesa ndiyo mali.

Hizo za 1.65 utazikuta zaidi kwa vijana wanaojenga mashine za gemu. Ni DDR3 zilizopandishwa kasi kupitia mpangilio uitwao XMP, na kasi hiyo inadai volti zaidi. Kwa DDR4, stika ya ramu ya gemu mara nyingi huandika 1.35, jambo ambalo huwachanganya watu: hiyo si DDR3L. Ni DDR4 itakayoanza kwa 1.2 kama nyingine zote, kisha ukiwasha XMP ndani ya BIOS inapanda hadi 1.35. Mazabodi za kawaida za ofisi hazina mpangilio huo, kwa hiyo ramu ya bei kubwa itakimbia kwa kasi ya kawaida na hela yako ya ziada imelala.

Kuna anayeuliza faida ya kushusha volti ni nini. Umeme unaoliwa na chipu hufuata mraba wa volti. Kutoka 1.5 kwenda 1.35 ni punguzo la karibu asilimia 19 kwenye ramu. Usitegemee betri idumu zaidi kwa asilimia hiyo hiyo umeme ukikatika Tabata; kioo na prosesa ndio walaji wakubwa. Joto linapungua kidogo ndani ya laptopu nyembamba, na kwa jiji hili hilo ni jema.

Namna ya kujua yako: chomoa ramu iliyopo usome stika. PC3L ni ya 1.35, PC3 bila L ni ya 1.5, PC4 ni DDR4. Herufi S ya mwisho ni ya laptopu. Stika ikiwa imechubuka, kwenye Windows programu ya CPU-Z itakuonyesha volti sehemu ya SPD. Anayetumia Linux aandike sudo dmidecode -t memory, atafute mstari wa volti. Halafu soma mwongozo wa modeli yako kwenye tovuti ya mtengenezaji. Kama mashine yako ni nyembamba sana, ramu inaweza kuwa imechomelewa kwenye mazabodi na hakuna sloti kabisa. Ni heri ulijue hilo kabla ya kutoa hela.

Kabla ya kuchomoa chochote, zima, toa chaja, toa au tenganisha betri, bonyeza kitufe cha kuwasha sekunde kumi. Na ramu sahihi ikigoma, usikimbilie kuilaumu. Hewa yetu ya pwani ina chumvi na unyevu, meno ya ramu hupata ukungu mwembamba usioonekana. Yasugue taratibu kwa kifutio cha penseli, pangusa vumbi lake, rudisha. Mara nyingi inatosha.

Dada yule nilimpa PC3L ya GB 4, akaondoka na GB 8 zake na hesabu zake salama. Ile PC3 aliiacha mezani, akidhani ni mbovu. Jumamosi alikuja mwanafunzi na 8470p yenye GB 4 tu, nikaichomeka humo mbele yake. Ikasoma GB 8 mara ya kwanza, kwa volti yake ya 1.5.