Jeni ya daf-2 na mnyoo anayechelewa kuzeeka

Kila asubuhi nikifika maabara, kazi yangu ya kwanza ni kuhesabu wafu. Naweka sahani chini ya darubini, napitisha waya mwembamba wa platinamu kwenye moto ili kuua vijidudu, kisha namgusa mnyoo mmoja mmoja kichwani. Anayejikunja namwandika kuwa hai. Asiyeitika hata nikimgusa mara ya tatu namwandika kuwa amekufa, namwondoa. Mnyoo huyo, Caenorhabditis elegans, ana urefu wa milimita 1 hivi, mwili wake unapitisha mwanga kama kioo, na katika nyuzijoto 20 huishi wiki 2 hadi 3. Katika siku za mwanzo za utu uzima wake ni lazima ahamishwe sahani mara kwa mara, kwa sababu hutaga mayai yapatayo 300, na ukizembea hutamtambua tena mzazi kati ya watoto wake.

Kwa muda mrefu wengi waliuona uzee kuwa ni uchakavu tu, kama mtumbwi unaooza taratibu, na hawakutarajia kwamba jeni moja ingeweza kuuchelewesha. Mwaka 1988 David Friedman na Thomas Johnson walieleza kuhusu jeni ya age-1, ambayo ikiharibika mnyoo huishi zaidi. Na mwaka 1993 Cynthia Kenyon na wenzake katika Chuo Kikuu cha California, San Francisco, wakaonyesha kwamba minyoo ambao jeni yao ya daf-2 imedhoofika huishi zaidi ya maradufu. Nililoliona kwa macho yangu, na ambalo takwimu haziwezi kulieleza, ni kwamba siku ambayo minyoo wa kawaida wamelala wasisogee, hawa bado wanatambaa na kuacha nyayo za mawimbi juu ya bakteria wanaowala.

Siri imo katika njaa. Mnyoo mchanga akikosa chakula hugeuka kuwa buu wa subira: kinywa hufungwa, hali chochote, na anaweza kukaa hivyo kwa miezi kadhaa, kisha chakula kikirudi akaendelea kukua. Jeni ya daf-2 ni miongoni mwa zinazoamua mgeuko huo. Mwaka 1997 maabara ya Gary Ruvkun huko Boston iligundua kwamba jeni hiyo hutengeneza kipokezi kinachofanana na kile cha insulini mwilini mwetu. Maadamu habari njema za chakula zinakifikia, kipokezi hicho huizuia protini iitwayo DAF-16 isiingie kwenye kiini cha seli. Kikidhoofika, DAF-16 huingia na kuamsha jeni nyingi za kinga, zikiwemo zinazokarabati protini zilizoharibika na zinazousaidia mwili kustahimili joto. Ukiiondoa daf-16, jeni inayotengeneza protini hiyo, maisha yale marefu hutoweka yote, na kwangu mimi huo ndio ushahidi wenye uzito kuliko mwingine wowote.

Njia hiyo hiyo imeonekana kwa nzi wa matunda na kwa panya: mwaka 2003 iliripotiwa kwamba panya jike wenye nakala moja tu ya jeni ya kipokezi cha IGF-1, homoni ya ukuaji inayofanana na insulini, badala ya mbili, waliishi asilimia 33 zaidi. Mwaka 2008 aina fulani ya jeni ya FOXO3, jamaa ya daf-16 kwa binadamu, ilihusishwa na maisha marefu kwa wanaume wa asili ya Kijapani huko Hawaii. Hata hivyo, kuhusishwa si kusababisha, na anayemuuzia mtu dawa ya ujana kwa kutaja minyoo yetu anamdanganya.

Tena urefu huo wa maisha una gharama. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2004, minyoo wa daf-2 waliowekwa sahani moja na wa kawaida walitoweka ndani ya vizazi vichache, kwa kuwa huzaa kidogo mapema. Lakini mwaka 2002 maabara ya Kenyon ilikwisha kuonyesha kwamba daf-2 ikipunguzwa baada tu ya mnyoo kufikia utu uzima, maisha hurefuka na uzazi hauguswi; na mwaka 2021 watafiti wengine waliivunjavunja protini ya DAF-2, yaani kile kipokezi chenyewe, katika minyoo waliokwisha kuzeeka, ambao wenzao wengi walikuwa wamekufa, nao wakaishi muda mrefu zaidi. Ninachokitafuta katika sahani zangu ni jeni zipi zinazoamshwa na DAF-16 katika saa hizo za mwisho, wakati mnyoo anatikisa kichwa tu nikimgusa.