Je, wajua kwa nini tovuti mpya huchelewa kuonekana Google hata ikiwa nzuri kuliko za zamani?

Kampuni changa imezindua tovuti yake. Kurasa zinafunguka haraka, maelezo yameandikwa vizuri, na huduma yenyewe ni bora kuliko ya washindani. Wiki kadhaa baadaye mwanzilishi anaitafuta huduma hiyo Google. Anapekua ukurasa wa kwanza wa majibu, wa pili, wa tano, na hajioni popote. Juu kabisa imekaa kampuni kongwe ambayo tovuti yake haijaguswa kwa miaka. Hapo wengi huamua kwamba Google inawabeba wakubwa, au kwamba asiyelipa haonekani. La pili si kweli. La kwanza lina chembe ya ukweli, na chembe hiyo ndiyo inayoeleza mambo mengi.

Tuanze na jambo ambalo watumiaji wengi hawalifikirii: ukitafuta kitu Google, hutafuti kwenye intaneti yenyewe. Unatafuta kwenye hazina ya kurasa ambazo Google imeshazisoma na kuzihifadhi. Kazi ya kusoma hufanywa na programu iitwayo Googlebot, ambayo hufungua ukurasa, husoma kilichomo, kisha hufuata viungo inavyovikuta humo hadi kurasa nyingine, bila kupumzika. Yaliyosomwa huingizwa kwenye faharasa inayofanana na ile ya mwisho wa kitabu: kila neno limeandikiwa kurasa linakopatikana. Ndiyo maana majibu hurudi kufumba na kufumbua. Google haiendi kusoma upya dunia nzima kila unapobonyeza kitufe.

Sasa fikiria tovuti iliyozaliwa jana. Roboti hiyo husafiri kwa kufuata viungo, na hakuna aliyeweka kiungo cha kuielekea. Haifikiki kwa njia ya kawaida. Dawa ipo na haina gharama: Google ina huduma ya bure iitwayo Search Console, ambako mwenye tovuti huwasilisha orodha ya kurasa zake ili roboti ijue pa kupita. Kampuni nyingi hukwama hata kabla ya hapo, kwa sababu ya kuchekesha kidogo. Wakati tovuti inajengwa, fundi huweka amri ya siri inayoziambia injini za utafutaji zisiingize kurasa hizo kwenye faharasa, kwa kuwa kazi haijaisha. Siku ya uzinduzi kila mtu anashughulika na picha na rangi, na amri inabaki palepale. Google nayo ni mtiifu: imeambiwa isiioneshe tovuti, haitaionesha. Ukitaka kujua kama umeingia kwenye faharasa, andika Google neno site, nukta mbili, kisha anwani ya tovuti yako bila kuacha nafasi. Kama hakuna kinachorudi, anza kwa kumuuliza fundi wako.

Hata hivyo, kuingia kwenye faharasa ni jambo moja na kupanda juu ni jingine. Katikati ya miaka ya 1990 injini nyingi za utafutaji zilitegemea sana maneno. Ukurasa uliorudia neno mara mia ulikuwa na nafasi nzuri ya kuushinda ukurasa uliolieleza jambo kwa ufasaha. Mwaka 1996, Larry Page na Sergey Brin, wanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Stanford, walianza kujaribu wazo lililotoka kwenye ulimwengu wa wasomi: makala inayonukuliwa na wengi huenda ina uzito, na ikinukuliwa na makala zenye uzito, uzito wake huongezeka zaidi. Walikichukulia kila kiungo kutoka tovuti moja kwenda nyingine kama nukuu ya aina hiyo. Kanuni hiyo, PageRank, waliichapisha mwaka 1998, na mwaka huohuo wakasajili kampuni ya Google.

Leo viungo ni kigezo kimoja tu kati ya vingi sana, lakini bado vina nguvu. Na hapo ndipo ilipo ile chembe ya ukweli. Kampuni kongwe imekuwa ikitajwa na magazeti, vyuo, wateja na hata washindani kwa miaka kumi au zaidi, na kila aliyeitaja kwa kiungo ameiachia ushahidi. Wewe huna wa kwako bado. Google haijui kama wewe ni mzuri au mbaya. Haikujui.

Ukilijua hilo, kishawishi cha kwanza ni kutengeneza ushahidi wa bandia, na kuna watu wanaoishi kwa kuuza ushahidi huo. Februari 2006 Google iliiondoa kwenye majibu yake tovuti ya BMW ya Ujerumani, kwa sababu ilikuwa na kurasa zilizosheheni maneno kwa ajili ya roboti, huku binadamu aliyezifungua akihamishiwa kwenye ukurasa tofauti. Februari 2011 gazeti la New York Times lilifichua kwamba duka kubwa la Marekani, JCPenney, lilikuwa likikaa juu kwa bidhaa chungu nzima kwa nguvu ya viungo vilivyopandikizwa kwenye tovuti zisizohusiana nalo kabisa. Google ikalishusha. Aprili 2012 likaja badiliko lililoitwa Penguin, lililolenga udanganyifu wa namna hiyo kwa mashine badala ya kusubiri gazeti liandike.

Kwa maoni yangu, somo la visa hivyo kwa kampuni changa halihusu maadili peke yake. BMW ilirejeshwa baada ya siku chache tu, na hata kama isingerejeshwa, watu wangeendelea kununua magari yake. Kampuni yenye miezi sita sokoni haina mto wa kuangukia. Anayekuahidi nafasi ya kwanza ndani ya wiki mbili, mkwepe. Google yenyewe imeandika kwamba hakuna anayeweza kumhakikishia mtu nafasi ya kwanza, na mwaka 2017 ilieleza kwamba kwa kawaida kazi ya kuboresha tovuti huchukua miezi 4 hadi mwaka mzima kabla ya matunda kuonekana.

Basi ufanye nini katika miezi hiyo yote? Kabla ya kujibu, kuna kisa ambacho kila mwanzilishi anapaswa kukijua, kwa sababu kinaonesha mpaka wa utafutaji wenyewe.

Dropbox, huduma ya kuhifadhi mafaili mtandaoni, ilifunguliwa kwa umma Septemba 2008. Ilifanya yale yanayofundishwa kila mahali: ilinunua matangazo Google. Drew Houston, mmoja wa waanzilishi wake, alieleza baadaye hadharani kwamba kumpata mteja mmoja anayelipa kwa njia hiyo kuligharimu kati ya dola 233 na 388, ilhali huduma yenyewe iliuzwa dola 99 kwa mwaka. Matangazo hayakuwa mabaya. Tatizo ni kwamba watu wachache sana walikuwa wanatafuta kitu kama Dropbox, kwani hawakujua kinaweza kuwepo, na maneno machache yaliyokaribiana nacho yalikuwa yamepandishwa bei na wapinzani. Kampuni ikageukia mwaliko: aliyemleta mwenzake na huyo aliyeletwa wote wawili walipewa nafasi ya ziada ya kuhifadhi mafaili. Katika muda wa miezi 15, waliojisajili walitoka 100,000 hadi milioni 4.

Injini ya utafutaji humkutanisha mtu na kitu ambacho tayari anajua anakihitaji. Haiwezi kumjengea haja ambayo hana. Kwa hiyo swali la kwanza la kampuni changa lisiwe «nitapandaje Google?» bali «je, kuna mtu anayetafuta hiki ninachouza, na anakiitaje?»

Mara nyingi jibu ni kwamba hatafuti bidhaa, anatafuta nafuu ya tatizo. Tuseme umetengeneza programu ya kufuatilia madeni ya wateja. Katika mikutano yenu mnaiita «mfumo wa kisasa wa usimamizi wa ankara». Hakuna mfanyabiashara aliyekaa usiku akiwaza maneno hayo. Anachoandika ni «jinsi ya kumkumbusha mteja deni bila kumuudhi», au «mteja amekataa kulipa nifanyeje». Andika ukurasa unaolijibu swali hilo kwa ukamilifu, pamoja na mifano ya ujumbe anaoweza kuunakili na kuutuma, kisha programu yako itajwe pale inapostahili. Anayeusoma ukurasa huo ana tatizo lilelile ambalo programu yako inalitatua.

Kampuni kubwa hupigania maneno mafupi yanayotafutwa na mamilioni, na huko huwezi kuzishinda kwa sasa. Maswali marefu mara nyingi huachwa wazi, nayo si machache: Google imesema mara kadhaa kwamba takriban asilimia 15 ya yanayotafutwa kila siku hayajawahi kutafutwa kabla. Tangu ilipoanza kutumia teknolojia ya kuelewa lugha iitwayo BERT mwaka 2019, inaelewa vizuri zaidi sentensi nzima kuliko neno mojamoja. Kwa hiyo huna haja ya kulirudia neno hadi msomaji achoke. Na maswali yenyewe yako karibu: soma barua pepe za wateja, msikilize anayepokea simu za malalamiko, angalia Google inavyomalizia sentensi unapoanza kuandika.

Matangazo ya kulipia nayo yana nafasi yake, ila si ile inayodhaniwa. Kwanza, hayapandishi tovuti yako kwenye majibu ya kawaida. Pili, mnada wake haumpi ushindi mwenye fedha nyingi moja kwa moja, kwa kuwa Google huzingatia dau pamoja na ubora wa tangazo na ukurasa linakopeleka. Kwa hesabu iliyorahisishwa: aliyeweka dau la dola 4 kwa tangazo lenye ubora wa 3 anapata 12, na aliyeweka dola 2 kwa tangazo lenye ubora wa 8 anapata 16. Wa pili anakaa juu kwa nusu ya dau. Mimi ningeyatumia matangazo kama jaribio: nunua mibofyo michache kwa misemo ishirini tofauti, uone ni ipi inayoleta wanunuzi na ipi inaleta watazamaji, halafu uandike kurasa za kudumu kwa ile iliyothibitika. Hapo unalipia maarifa ambayo vinginevyo ungeyasubiri mwaka mzima.

Jambo jingine limebadilika hivi karibuni. Tangu Mei 2024, kuanzia Marekani, Google imekuwa ikiweka muhtasari ulioandikwa na akili bandia juu ya majibu ya maswali mengi. Kurasa za «kitu fulani ni nini» zimepoteza thamani kubwa, maana msomaji anajibiwa palepale bila kubofya. Zinazobaki na mvuto ni zile ambazo muhtasari hauwezi kuchukua nafasi yake: kikokotoo, fomu ya kupakua, takwimu mlizozikusanya wenyewe, maelezo ya mtu aliyeifanya kazi kwa mikono yake. Kwa bahati nzuri hizo ndizo pia zinazowafanya wengine wakuwekee viungo bila kuombwa.

Ukishaanza, usiihukumu kazi kwa idadi ya wageni katika miezi ya mwanzo. Fungua Search Console uangalie safu inayoonesha kurasa zako zimetokea mara ngapi kwenye majibu, hata kama hakuna aliyezibofya. Ukurasa ulio nafasi ya 38 leo, uliokuwa ya 70 mwezi uliopita, unapanda ingawa haujaleta mtu hata mmoja. Ulio nafasi ya 6 na haubofywi una tatizo tofauti kabisa, na kwa kawaida lipo kwenye kichwa chake cha habari, ambacho unaweza kukibadilisha leo kabla ya saa za kazi kwisha.