Fomaika haifichi kitu

Fomaika ya kaunta, ile karatasi ngumu ya plastiki inayobandikwa juu ya ubao, kwa kawaida ina unene wa milimita 0.8 hivi. Chembe ya mchanga ikinaswa chini yake hutokeza juu kama chunusi, na kwenye fomaika ya kung'aa utaiona ukiwa bado mlangoni. Ndiyo maana naupa ubao muda mrefu kuliko gundi.

Pagumu zaidi ni kwenye maungio. Mbao mbili zikipishana hata nusu milimita, mstari utaonekana. Sawazisha kwa msasa namba 80 uliozungushwa kwenye kipande cha mbao kilichonyooka, sentimita 30 hivi. Msasa wa kushika kwa vidole huingia mabondeni na kuyazidisha. Vichwa vya skrubu vizamishe milimita 2, kisha ziba kwa filla. Napendelea filla ya magari, ile inayochanganywa na dawa yake ya kukazia, maana hainywei sana ikikauka. Joto la Malindi huiharakisha, kwa hiyo changanya kidogo kidogo. Filla ya maji usiipeleke kwenye chipbodi wala MDF, mbao zile za unga wa mbao ulioshindiliwa na gundi: unga huo hunywa maji ukavimba, ukabaki na kilima pale palipokuwa na shimo.

Malizia kwa namba 120. Usipite 150, gundi inataka pa kushika. Ukifika ukingo wa mbele, msasa ubaki umelala. Ukiuinamisha, ukingo unaviringika na fomaika itaacha mwanya palepale mikono inapopita kila siku.

Sasa funga madirisha chumba kiwe na giza, washa tochi na uilaze juu ya ubao. Kila bonde litatoa kivuli. Lizungushie penseli, ulizibe, upige msasa tena. Gundi ya kontakti, ile inayopakwa pande zote mbili na kubandikwa ikishakauka, haijazi bonde, hushika panapogusana tu. Palipobaki hewa, ukigonga pataitika kama debe tupu, na sufuria nzito ikiangukia hapo, fomaika itapasuka.

Vumbi liondoe kwa brashi, halafu kitambaa kikavu, kibichi hapana. Kusi, ule upepo wa kutoka kusini, likivuma, acha madirisha ya upande wa bahari yamefungwa mpaka umalize kubandika.

Wakati wa masika, ubao na fomaika vikae chumba kimoja siku 2 kabla ya kazi. Gundi uliyopaka ikiingia weupe kama ukungu, ni unyevu umetua juu yake. Usibandike: iache ikauke kabisa, upake mkono wa pili, usubiri hadi isinate kidoleni.