Shamba la shule halifuti ada msimu wa kwanza

Wafadhili wengi huamini kwamba shule ya msingi ya kijijini ikishapewa shamba, basi wanaweza kuacha kuwalipia watoto ada. Sivyo. Mahindi huchukua miezi mitatu hadi mitano kukomaa, na muda wote huo shamba linakula tu: mbegu, mbolea, palizi. Hata yakishavunwa, kazi bado. Punje zikitiwa guniani na unyevu unaozidi asilimia 14, ukungu huanza, na sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu huo, haiishi kwa kupikwa. Ukitumbukiza mkono ndani ya gunia ukakuta joto, ujue mambo yameharibika. Tena likizo ikiangukia wakati wa palizi (hili husahaulika sana), nani atashika jembe? Ada iendelee walau hadi mavuno ya pili.