Nyama ya paja imeenda wapi?

Mtu akitolewa plasta ya mguu baada ya wiki sita hivi, mara nyingi haangalii hata pale palipovunjika, anaangalia paja. Limenywea, suruali inapwaya upande mmoja, anashtuka kabisa. Mimi ni mtu wa fiziotherapia na hili swali la nyama imeenda wapi naulizwa kila mara, na jibu ni kwamba mwili umeila wenyewe.

Yaani iko hivi. Misuli kila siku inatengeneza protini mpya na kuvunja za zamani, sasa ukiulaza mguu utengenezaji unashuka na uvunjaji unapanda, protini zinawekewa alama halafu zinapelekwa kwenye kitu kinaitwa proteasomu zinakatwakatwa vipande. Seli inabana matumizi tu. Zile seli zenyewe nyingi hazijafa, zimepungua unene, ndo maana mazoezi yanairudisha misuli, ingawa inarudi polepole kuliko ilivyoondoka na hapo watu wengi wanakata tamaa mapema, inaniuma sana.

Lakini sio kila kunywea ni kukosa kazi, na hapa naomba tusikilizane. Mtu ana ganzi vidoleni kwa muda mrefu halafu kile kinofu cha kiganja chini ya dole gumba kinabonyea, huyo hata afinye mpira mwaka mzima, neva ikiwa imebanwa kwenye kifundo cha mkono misuli haipati amri, lazima neva ishughulikiwe kwanza. Ndo maana napima mapaja yote mawili kwa futikamba, sentimita zilezile juu ya goti. Upande mmoja ukiwa mwembamba na hujaumia, nafikiria neva au uti wa mgongo. Misuli ikipungua pande zote mbili na uzito unashuka, nafikiria kifua kikuu, kansa, kisukari, tezi ya shingo. Kwenye kansa chakula peke yake mara nyingi hakitoshi, kwa sababu kinga ya mwili inakuwa imewaka muda wote ndani kwa ndani (inflamesheni), nayo inachochea misuli kuvunjwa.

Na sio misuli tu inayosinyaa. Utando wa ndani wa mfuko wa chakula ukisinyaa mwili unashindwa kufyonza vitamini B12, unapata anemia na miguu kufa ganzi. Ukimeza prednisoloni (dawa ya steroidi) muda mrefu tezi za juu ya figo zinasinyaa kwa kukosa amri kutoka kwenye ubongo, kwa iyo usiiache ghafla hata kama unajisikia vizuri, utaratibu wa kupunguza akupangie daktari. Kwenye Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, sehemu ya ubongo ya kumbukumbu inapungua. Kuna kusinyaa kwingine ni kawaida kabisa, tezi ya thaimasi kifuani inaanza kupungua tangu ujana na hauumwi chochote.

Umri nao upo, kuanzia miaka ya 30 misuli inapungua kama asilimia 3 hadi 8 kila miaka 10. Wazee wangu huwa nawaanzishia kuinuka kwenye kiti bila kushika popote, mara 10, wakipumzika wanarudia.